Niliona bug kwa game ya Mercy nikaandika "IKO SAWA"

Wakuu niaje. Leo nimeamua kujianika. Sijaongeza chumvi hata kidogo. Kama ningeongeza kitu ningejiongezea akili, juu mtaona haikuwepo.

Ni 2008, Nakuru. Nilikuwa nasoma game design kwa college moja ndogo juu ya duka la viatu. Ndiyo, game design. Mathe wangu kule Longonot alikuwa anaambia watu nasomea "mambo ya kompyuta", juu angesema kijana yuko college anasoma kucheza, kanisa yote ingeniombea.

Class ilikuwa watu kumi na moja, kompyuta sita. Term ilianza kuchelewa juu ya ile fujo ya uchaguzi, so tukasoma mbio mbio.

Mwisho wa term ni open day. Wazazi wanakuja, na pia kuna madam wa kampuni ya Nairobi inatengeneza game za simu. Atachagua mwanafunzi mmoja aende attachment kwao.

Mmoja tu. Hiyo nafasi niliitaka mpaka nikaanza kuongea kama mtu wa Nairobi.

Sasa, kulikuwa na Mercy.

Mercy ni wa Elburgon, babake ni dereva wa lori ya mbao. Game yake ilikuwa maisha ya kwao: unapakia magogo, unashuka na matope mpaka Nakuru bila kumwaga mzigo. Basi. Lakini vile hizo tairi zilikuwa zinazama, unaskia mgongo ikiuma. Lunch time watu walikuwa wanapanga laini kuicheza.

Yangu? Flamingo anayepiga risasi. Usiniulize risasi inatoka wapi.

Classmate wetu Jaspal aliiangalia muda mrefu akaniuliza, "Buda, hii ni kuku?"

"Ni flamingo."

"Mbona amevaa gumboots?"

"Hizo ni magoti, Jaspal."

Wakuu, wivu unaskia kwa tumbo kama githeri haijaiva. Lec, mwalimu wetu, akisema "angalieni vile Mercy amefanya", mimi naangalia dirisha. Mercy akicheka, nauliza anacheka nini. Na ubaya ni kwamba alikuwa mtu mzuri. Yeye ndiye alinionyesha vile flamingo ataruka bila kukwama kwa mawingu. Hiyo iliniuma kuliko yote.

Lec wetu alikuwa na sheria: game yako huitest mwenyewe, juu wewe unapita tu pale unajua panapita. Mwenzako anakaa nayo siku nzima akijaribu kuiharibu, anaandika kila kosa kwa karatasi, anasign. Siku ya open day hiyo karatasi inabandikwa ukutani, kando ya kompyuta yako.

Mercy akaomba lec, "Mimi nipewe huyu. Huyu huharibu kila kitu." Class ikacheka. Mimi pia nikacheka, na meno tu.

Na kweli nikaiharibu. Niliingiza lori kwa sawmill, pale pa kupakia, na reverse, nikabonyeza kupakia. Magogo yakaruka juu, yakabaki hewani, kompyuta ikahang. Nikarudia. Ikahang. Nikarudia mara ya tatu, na hapo nakiri nilikuwa nasmile.

Kurekebisha ni kazi ya dakika kumi. Kwa karatasi nikaandika IKO SAWA. Nikasign majina zote tatu.

Nilijiambia, ni nani ataingia hapo na reverse? Lakini ndani ya roho nilikuwa nasema, aki huyo madam wa Nairobi ajaribu.

Open day ikafika. Madam akasimama kwa kompyuta ya Mercy, watu wamejaa nyuma yake. Mercy akasema, "Wacha baba aanze."

Mzee alikuwa amevaa koti ya Jumapili. Hajawahi kushika keyboard. Mercy akamwonyesha mbele, nyuma, kupakia. Akaendesha polepole mpaka sawmill, akasimama, akageuza lori.

Akaanza kuingia na reverse.

Si dereva wa mbao huingia kupakia na matako ya lori! Miaka yake yote anaingia hivyo! Ni sisi wa keyboard tulikuwa tunaingia na pua, hata Mercy.

Akabonyeza. Magogo hewani. Screen ikaganda.

Mzee akatoa mkono kama amepigwa na stima. Akaangalia watu, akavua kofia.

"Nimeharibu mashine ya wenyewe? Madam, samahani. Hii mikono imezoea lori."

Mercy akasoma ile karatasi yangu ukutani. Halafu akasema, "Si wewe, baba. Na msilaumu tester, alikaa nayo siku nzima. Ni mimi nilikosea."

Hapo ndipo nilishindwa. Matusi ningevumilia.

"Mzee," nikasema, "ni mimi. Hiyo kosa niliiona. Nikaandika iko sawa."

Mercy akauliza, "Uliiona?"

"Niliiona."

"Mbona?"

Nikabandua ile karatasi ukutani, nikampea.

Ni mzee aliongea. "So mimi sijaharibu?"

"Hapana, mzee. Uliendesha poa."

Akavaa kofia. "Asante," akaniambia. Wakuu, huyo mzee aliniambia ASANTE. Heri angenichapa.

Attachment ilienda kwa Jaspal, na game ya draft, ile ya kusukuma kete, ambayo hata rangi haikuwa nayo. Mercy alirekebisha lori yake hiyo jioni bila kuniangalia. Lec hakunifukuza, lakini hakuna mtu alinipatia game yake nitest tena, na bila karatasi za kutest wenzako hupiti. Term iliyofuata sikurudi. Watu wakiuliza, husema college ilikuwa mbali.

Nimefikiria hii kitu sana. Mimi sikuwa nataka kushinda. Nilikuwa nataka Mercy asishinde, nikachanganya hizo vitu mbili. Na nikapata kile nilitaka, full.

Kama ushawahi kunyamazia kosa la mtu juu anakuzidi, weka hapo chini tusomeane. Lakini usianze na "kuna beshte yangu". Huyo beshte sisi wote tunamjua.