Kamera ya Sebuleni kwa Mama

Mdogo wangu tunamwita Mlinzi. Jina nilimpa mimi kwa kumtania, kwa sababu mchana kutwa anakaa kwenye kiti cha kuzunguka akikodolea macho mistari kwenye skrini, na mwisho wa mwezi analipwa. Kampuni yao inauza intaneti. Sasa kuna watu hawana kazi wala haya, ambao huifurikisha tovuti ya mtu kwa maombi ya uongo, mamilioni kwa mpigo, mpaka wenye shida ya kweli wanashindwa kuingia. Kazi ya Mlinzi ni kuwatambua hao waongo na kuwafungia nje.

Zamani, anavyonisimulia, mafuriko yalitoka kwenye kompyuta kubwa za mbali. Unaziba upande mmoja, basi, unakwenda kunywa chai. Siku hizi yanatoka majumbani mwetu. Televisheni, kisanduku cha intaneti, kamera ya getini, kifaa chochote ambacho kimeachwa na neno la siri la kiwandani, wahuni wanaingia humo wanakitumikisha, na mwenye nyumba hana habari. Shambulio linakuja dakika chache, linakatika, linarudi kwa sura nyingine. Kibaya zaidi, kila kifaa kinatuma kidogo tu, kinafanana na mteja wa kawaida mwenye haraka zake. Mlinzi alikuwa akijisifu kwamba yeye hadanganyiki. Mimi nimembeba mgongoni huyu, nikamwacha ajisifu.

Mama yetu anaishi peke yake, mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi. Baba alipofariki tulimsihi ahamie kwetu, akagoma katakata: ana nyumba yake, ana kuku wake, ana majirani zake. Ndipo Mlinzi akaenda kumfungia intaneti ya kampuni yao na kamera sebuleni, ile inayogeuza shingo kumfuata mtu, na neno la siri akalibadilisha kwa mkono wake mwenyewe. Tangu hapo kila siku, kwenye simu zetu, tunamwona mama akipita na kikombe chake, mgongo umenyooka kama wa askari wa gwaride, anatupungia mkono. Sisi roho kwatu.

Basi siku hiyo tovuti ya chuo kimoja ikaelemewa, tena siku ya mwisho ya wanafunzi kujisajili. Watoto wa watu wanalia, simu za ofisini kwa kina Mlinzi hazipumui. Akafuatilia anwani za vifaa vinavyoshambulia, na katikati ya nyumba za watu akaikuta ya mama. Alinipigia simu. Bosi alikuwa ameagiza kila kifaa kilichomo kikatwe hapo hapo, bila kuangalia sura. Nikamwambia akiruke hicho kimoja, nani atajua? Mama ana miaka sabini na ushei, akianguka humo ndani nani atamwona? Nilimkaripia hasa. Akasema, "Dada, wote niliowakata leo wana mama zao." Akaikata kamera. Picha kwenye simu yangu ikawa nyeusi, na mimi, sikufichi, nikalia.

Kesho yake tukapanda basi, hatusemeshani. Njia nzima nilikuwa namwona mama kalala sakafuni, na najua mwenzangu naye alikuwa anamwona hivyo hivyo. Tukamkuta mzima, kakaa kwenye kochi, kafurahi kupita kiasi. Mlinzi akamuuliza kwa upole kama kuna mtu aliyeigusa kamera. Mama akainamisha kichwa kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Akakiri: ina kitundu kwa nyuma, alikichokonoa kwa sindano ili ilale. Ililala kidogo ikaamka yenyewe, akaona hakuna kilichoharibika. Kumbe kitundu hicho hufuta kila kitu, imeamka na neno la siri la kiwandani! Mlinzi akacheka, nami nikacheka, mnuno wote wa kwenye basi ukaisha. Nikamuuliza mama, alitaka ilale kwa nini? Akatuuliza kama tumekula.

Mlinzi akapanda juu ya stuli akachomoa waya.

"Imezima kabisa?" mama akauliza.

"Kabisa, mama. Haioni tena."

Mama akashusha pumzi, akatutuma uani tukaangalie kuku wake. Tukatoka. Nilipogeuka kumuuliza funguo za banda ziko wapi, nikamwona kupitia dirishani. Alikuwa ametoa fimbo nyuma ya kochi. Aliinuka kwa kujivuta, akashika ukuta, akaanza kwenda jikoni akiburuta mguu wa kushoto, uso umekunjamana kwa maumivu. Alipofika mezani akaegemea, akapumzika. Nikamshika Mlinzi mkono, naye akaona.

Tukarudi ndani. Mama aliposikia miguu yetu akaiachia fimbo ikaanguka, akanyoosha mgongo, akatuwekea lile tabasamu la kila siku.

Mlinzi akapiga magoti mbele yake, machozi yanamtoka. "Usinyooke, mama. Kaa. Tuonyeshe panapouma."

"Mngeniona hivi mngeacha kazi zenu," mama akasema.

Alituangalia mmoja mmoja, akakaa polepole, akavuta gauni juu, akatuonyesha goti.