Mama Geji na Wapanda Ukuta

Mama Geji hakuzaliwa na jina hilo, lakini kwa miaka kumi na saba hakuna aliyemwita kwa jingine. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla hata ya kutia kitu mdomoni, alishuka ngazi ishirini na sita za saruji mpaka ukingoni mwa mto, akachutama, akasoma geji. Geji yenyewe ilikuwa ubao wa chuma wenye mistari myeusi, uliosimikwa majini karibu na banio, ule ukuta mrefu unaozuia mto ili maji yaingie kwenye pampu na kupelekwa mjini. Akishasoma kina, alipanda tena ngazi zake, akaandika tarakimu katika daftari lenye jalada la kijani, kisha ndipo alipokumbuka kwamba na yeye ana tumbo.

Hapo mwanzo aliajiriwa kufyeka nyasi. Mzee aliyekuwa akisoma geji macho yalipoanza kumsaliti, mama huyu aliambiwa amshikie kazi kwa muda. Muda huo haukwisha. Ilifika mahali hata barua yake ya likizo ikaja imeandikwa "Mama Geji", naye akaitia sahihi hivyo hivyo, bila kinyongo.

Alikaa na mumewe katika nyumba ya vyumba viwili ndani ya uzio wa pampu. Mume alikuwa fundi cherehani. Aliiweka mashine yake barazani, akashona mchana kutwa, na alikuwa na kipaji cha kupiga soga huku amebana pini tatu midomoni bila kuimeza hata moja. Mkewe alimwita Fundi, kama wateja walivyomwita. Yeye alimwita Mama, ingawa binti yao wa pekee alikwisha olewa na kwenda zake.

Basi mwaka mmoja, mvua za kwanza zilipoanza, Mama Geji alishuka asubuhi akaona kitu kwenye ukuta wa banio. Maji yalikuwa yakimwagika katikati tu. Kandoni ukuta ulikuwa na unyevu na ukoga mpaka nusu yake, na nusu ya juu ilikuwa kavu. Pale penye unyevu palikuwa peusi. Alidhani ni ukoga umekomaa. Halafu ule ukoga ukajinyonganyonga.

Alisogea mpaka maji yakamfika magotini. Vilikuwa vijidude kama nyuzi, kila kimoja kirefu kuliko kidole kidogo, vimejibandika ukutani kwa matumbo, vinapanda. Vilipanda, vikafika pale pakavu, vikasita. Vingine vilianguka majini na kuanza upya. Vingine vilibaki pale pale. Saa mbili, jua lilipoupiga ukuta, alirudi kuangalia akakuta vile vilivyobaki vimekauka, vimegandamana na saruji kama uzi uliokatwa. Akakibandua kimoja kwa ukucha. Kilikuwa na macho mawili, madogo kama nukta ya kalamu, na pezi jembamba lililozunguka mkia.

"Kumbe ni samaki," alisema peke yake.

Alichukua kopo la maziwa ya unga akawakomba waliokuwa bado hai, akawapeleka nyumbani na kuwamimina katika beseni la kufulia.

"Fundi, njoo uone."

"Kama ni minyoo, Mama, usinionyeshe. Nimetoka kunywa uji."

"Si minyoo. Ina macho."

"Basi ndiyo mibaya zaidi. Itatuona tulipo."

Ilipofika adhuhuri beseni lilikuwa limebaki na nusu ya wageni. Waliobaki walikuwa wakipanda kuta za plastiki kama watu wanaowahi gari. Wale wengine walikwenda walikokwenda. Mmoja alijulikana alikokwenda jioni ile ile, mwalimu mkuu wa shule ya jirani alipokuja kujaribu suruali yake mpya. Aliingiza mguu, akasimama kidogo, akapiga ukelele usiofanana na cheo chake.

"Fundi! Ulichokishonea humu ndani kinatembea!"

Fundi alicheka mpaka pini zikamwagika. Mama Geji hakucheka. Alimwokota yule kiumbe sakafuni, akamtia kwenye kopo, na kesho yake akapanda nalo gari kwenda mjini kwa bwana samaki.

Bwana samaki alikuwa kijana mnene mwenye haya, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la misumari. Watu walimfuata kwa leseni za uvuvi tu. Hakuna aliyewahi kumletea samaki kwenye kopo. Aliinamia kopo lile mpaka miwani ikamteleza.

"Umewapata wapi hawa, mama yangu?"

"Ukutani kwangu. Wanapanda."

"Hawa ni mikunga. Watoto wa mikunga." Akavuta kiti, haya zikamtoka. "Samaki huyu hazaliwi mtoni. Anazaliwa bahari kuu, mbali, kwenye kina ambacho hakuna mtu aliyekifikia. Akitoka kwenye yai ni bapa kama jani, na angavu, unaona upande wa pili. Mkondo unambeba miezi na miezi. Akifika kwenye ghuba anajikunja, anakuwa kama uzi wa kioo, anajificha kwenye mikoko mpaka ayazoee maji baridi. Hapo ndipo anapoanza kupanda mto. Huko juu atakaa miaka kumi, kumi na tano, hata zaidi. Halafu siku moja anashuka, anarudi kule kule alikozaliwa, anataga, anakufa."

Mama Geji alilitazama kopo. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mama zao walishakufa?"

"Kabla hawa hawajafungua macho."

"Na hakuna aliyewaonyesha njia."

"Hakuna, mama. Wanafuata harufu ya maji ya mto."

Njia nzima ya kurudi alikuwa akilifikiria lile jambo. Alikumbuka pia maneno ya shemeji yake, ndugu wa Fundi, aliyeishi huko juu ya mto na kutega samaki kwa madema. Shemeji hakuchoka kulalamika kwamba zamani, kabla ukuta haujajengwa, dema moja lilitoa kambale, mikizi waliopanda kutoka ghubani, na mkunga mnene kama mkono wa mtu. Sasa ni perege juu ya perege, na kaa wanaotoboa kingo za mashamba kwa sababu aliyekuwa akiwala hayupo. Wote nyumbani walimsikiliza shemeji kama wanavyosikiliza redio ya jirani. Leo Mama Geji alimwelewa.

Akaanza kuwabeba. Kila alfajiri, baada ya kusoma geji, aliwakomba ukutani kwa brashi laini ya kupakia rangi, akawatia kwenye ndoo, akapanda ngazi na kuwamimina upande wa juu. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuandika, aliandika. Daftari la kijani likawa linasomeka: kina sentimita mia na kumi na mbili, mikunga mia tatu na arobaini.

"Nilioa mfyeka nyasi," Fundi aliwaambia wateja, "akageuka msoma geji, na sasa amekuwa mkunga wa mikunga. Sijui nitazeeka na nani."

Mwisho wa mwezi mhandisi alikuja kukagua. Alikuwa mtu wa viatu safi, asiyependa maneno mengi. Alifungua daftari, akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, akavua miwani.

"Mama Geji, hii ndiyo nini?"

"Ni mikunga, bosi. Wanaopanda."

"Daftari hili ni la maji."

"Nao wamo majini."

Mhandisi hakutabasamu. Alisema hataki kuona samaki katika hesabu za maji, hataki ndoo kwenye ngazi za kazi, na mtu akiteleza akavunjika kiuno nani atajibu? Akaondoka. Mama Geji alikaa kwenye ngazi, daftari magotini. Miaka kumi na saba hakuwahi kusemwa. Alifuta macho kwa kipembe cha khanga, akaingia ndani, akamwambia mumewe yote.

Fundi alitoa pini midomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini. Hapo Mama alijua kwamba leo hatanii.

"Amekataza ndoo," alisema. "Amekataza na nguo?"

"Nguo gani?"

"Umesema wanapanda penye unyevu na pa kushikia. Basi tuuvishe ukuta."

Siku tatu cherehani haikushona suruali ya mtu. Fundi alichana magunia ya katani, akayaunganisha, akashonea juu yake vishungi vya kamba kimoja kimoja, vimesongamana kama manyoya ya kondoo, mpaka akapata mkeka mrefu kuliko kimo cha ukuta wenyewe. Waliufunga juu kwenye chuma cha ulinzi, mbali kabisa na mdomo wa pampu, wakauteremsha mpaka majini. Kisha Mama akatoboa mpira wa maji uliozeeka, akaulaza juu ili udondoshe matone mkeka usikauke.

Mkeka wa kwanza ulichukuliwa na mafuriko wiki ile ile. Fundi alishona wa pili. Ule ulidumu, lakini ndege waligundua mahali chakula kinapotokea, wakajipanga juu ya ukuta kama wageni wa karamu. Fundi akashona kifuniko. Halafu shemeji, aliyekuwa amesikia habari, alifika na dema begani, akatazama pale mkeka unapoishia, macho yakamng'aa.

"Shemeji, hapa mtu angetega kidogo tu…"

"Thubutu!" alisema Mama Geji. "Hawa ni wageni wangu. Kwanza kwa udogo wao hata sufuria hawachafui, wewe utawala vipi? Nenda nyumbani, kawasubiri huko."

Shemeji alirudi na dema lake, akinung'unika kwamba siku hizi hata samaki wana ndugu serikalini.

Mhandisi alirudi siku moja mchana, mvua inanyesha, bila taarifa. Mama Geji alimwona kwa mbali amesimama juu ya banio na mwavuli, anatazama chini. Alijikaza akaenda kusimama pembeni yake, akingoja kusemwa. Mhandisi alikuwa ameinua kona ya kifuniko. Chini yake, katikati ya vishungi, mamia ya mikunga weusi kama nyuzi walikuwa wakipanda, wanasukumana, wanapumzika, wanapanda tena. Mmoja alifika juu kabisa, akasita ukingoni, akajiachia kwenye maji matulivu ya upande wa pili, akatoweka. Mhandisi aliukunja mwavuli, mvua ikamnyea, akachuchumaa na viatu vyake safi.

"Huku juu umefunga kwa kitu gani?" aliuliza hatimaye.

"Kwa kamba, bosi."

"Kamba itaoza." Akapapasa saruji. "Nitaleta bolti."

Alizileta wiki iliyofuata, nane, pamoja na bomba jipya la matone. Alileta na daftari la pili, lenye jalada jekundu. Hakueleza ni la nini na hakuulizwa.

Mwaka wa nne wa mkeka, shemeji alifika mbio na mkunga mwenye urefu wa mkono kwenye kapu, wa kwanza tangu ukuta ujengwe. Alitaka Mama Geji ndiye amkate. Mama alimtazama yule samaki, ngozi yake nyororo ya rangi ya zeituni, mdomo wake wa ukaidi, akasema hawezi. Wampike wenyewe, yeye atakula mboga. Fundi na nduguye walikula mpaka wakalamba vidole. Mama aliwakalia karibu, akiuliza kama ni mtamu, na walipojibu ni mtamu alifurahi kama aliyesifiwa mwanawe.

Kazi haikuwa imekwisha. "Na siku wakitaka kushuka kwenda baharini," alimuuliza mhandisi, "hao wakubwa, watapita wapi, na chujio la pampu lipo?" Mhandisi alijishika kichwa. "Mama Geji, nipumzishe kwanza kidogo." Lakini mwezi uliofuata alionekana akipima lango la kutolea matope, kalamu sikioni.

Bwana samaki ndiye aliyeona kuwa Mama Geji na mumewe hawajawahi kuiona ghuba, nayo iko mwendo wa saa mbili tu. Siku moja ya mapumziko aliwachukua kwa gari la ofisi. Maji yalikuwa yanajaa. Aliwapitisha kwenye matope mpaka mikokoni, akatumbukiza wavu mdogo wa kitambaa kati ya mizizi, akaugeuza juu ya sahani nyeupe. Walitoka chewa wadogo kama kucha, changu wenye mistari, chafi, mikizi walioruka mpaka nje ya sahani. "Hii ndiyo chekechea yao," alisema bwana samaki. "Wa baharini wanakulia hapa, na wa mtoni wanapitia hapa." Halafu akaelekeza kidole penye maji matupu. Mama Geji aliinama, asione kitu. Akainama zaidi. Kulikuwa na macho mawili meusi, yanaelea bila mwili. Mwili ulikuwepo, lakini ulikuwa kioo.

"Ndiye huyu?" alinong'ona.

"Ndiye. Huenda ameingia leo."

Mama Geji aliishika sahani kwa mikono miwili, taratibu, akaizamisha mpaka maji yakamchukua yule mgeni. Fundi alikuwa amekwisha kunja suruali, amesimama ndani ya maji mpaka magotini, anaangalia miguu yake mwenyewe kama mtu aliyetambulishwa nayo leo.

"Mama, yana chumvi kweli," alisema. "Nimeonja."

"Ulidhani watu wanasingizia?"

Akamshika mkono asiteleze. Bwana samaki alirudi garini, akawasubiri, akapiga honi mara moja, kisha mara ya pili. Wao walikuwa bado wamesimama pale, wameinamisha vichwa, kila mmoja akimwonyesha mwenzake kitu kingine majini.