Kiganja cha Paskazia

Hebu mfikirie Paskazia akiingia sokoni Mkuyuni asubuhi: ndoo ya dagaa kichwani, kitenge kiunoni na kingine amekizungusha shingoni ingawa jua limeshachoma. Ni Jumamosi yake ya kwanza sokoni tangu apasuliwe rovu, lile tezi la shingo lililomkaa miaka kumi na mmoja mpaka wateja wakalizoea kama mwavuli wake.

"Karibu tena, mama," alimpokea Justa, muuza nyanya wa kibanda cha pili. "Sauti mbona kama jogoo aliyenyeshewa?"

"Jogoo akinyeshewa anageuka bata?" Paskazia alimkwaruzia.

Sauti haikumtisha, aliambiwa itarudi polepole. Kilichomtisha ni wateja. Muuzaji mpya wa dagaa alikuwa amefungua kibanda pale mlangoni, na kwa wiki nne wengi walikuwa wameanza kumzoea. Paskazia alikuja kuwarudisha kwa kile kilichompa jina, yaani nyongeza. Wengine huongeza dagaa watatu kwa ncha za vidole, utadhani wanatia chumvi. Yeye huchota kiganja kizima, hukifungua juu ya mfuko, wakamwagika kama mvua.

Sasa, kulikuwa na jambo hakumwambia mtu. Hospitali walimpa vidonge vya aina mbili. Kile kidogo alikimeza kila alfajiri bila neno. Vile vya kalsiamu vilikuwa vikubwa kama vifungo vya koti, ladha yake chaki. Siku moja alivitazama, akalitazama gunia lake la dagaa, akacheka. Miaka ishirini ametangaza, "Dagaa hujenga mifupa! Kalsiamu tupu!" Mtu anayelala jirani na gunia la kalsiamu atafune chaki za nini? Akavifungia kabatini, akala dagaa mchana na jioni. Midomo ilipoanza kumtambaa kama ina sisimizi, na vidole kufa ganzi, alisema ni uchovu wa kulala sana.

Akafika mzee Machibya, mteja wa kila Jumamosi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kisu. Nipimie sado moja, na nyongeza ya wiki zote ulizotoroka naitaka leo."

Paskazia akapima, akalijaza kopo la sado mpaka kilele. Kisha akachota kiganja chake maarufu, akakileta juu ya mfuko. Kikagoma. Vidole vilijibana pamoja kama mdomo wa ndege, dole gumba likajikunja ndani, dagaa wakabaki wakichungulia katikati ya vidole.

"Achia, Paskazia."

"Naachia, baba."

"Huachii!"

"Mkono ndio hautaki!"

"Jamani!" Machibya akawageukia watu. "Wamemtoa rovu, wakamtia ubahili!"

Soko zima likacheka. Paskazia naye akacheka, mpaka mkono wa pili ulipojikunja kama mwenzake. Justa ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

"Mama, dawa umekunywa leo?"

Paskazia akawatazama dagaa wake. Justa akaita bajaji.

Hospitalini nesi Suzana alimtundikia dripu ya kalsiamu, ikashuka taratibu. "Nyuma ya lile tezi kuna vitezi vinne, kila kimoja kama punje ya mchele," alimweleza. "Ndivyo vinavyoutunzia mwili kalsiamu. Shingo ikipasuliwa, wakati mwingine vinashtuka, vinalala. Mtunza ghala akilala, mama, hata ulete gunia zima nani atapokea?"

"Vitaamka?"

"Mara nyingi huamka. Tutakuwa tunapima damu. Vidonge usiache mpaka daktari aseme."

"Na dagaa?"

"Dagaa ni chakula, kula. Ila si badala ya dawa."

Vidole vikalegea kimoja kimoja. Dagaa waliokuja naye kutoka Mkuyuni wakadondoka juu ya shuka jeupe. Suzana akawatazama. "Hii ndiyo nyongeza yangu?"

Jumamosi iliyofuata Paskazia alitafuna chaki yake kabla hajatua ndoo. Machibya akaja, kiganja kikafunguka juu ya mfuko, mvua ikanyesha.

"Rovu limetoka na ubahili umetoka!" mzee akatangaza, na watu wakaanza kusogea.

Ndipo muuzaji wa mlangoni alipopaza sauti: "Dagaa hujenga mifupa! Kalsiamu tupu!" Wateja wawili wakageuza shingo.

"Mjibu, mama!" Justa alimsukuma. "Maneno yako hayo, kakuibia!"

Paskazia akachota kiganja, akakishikilia juu ya ndoo. Si uongo, dagaa hujenga mifupa kweli. Lakini yeye aliyaamini maneno hayo kuliko mtu yeyote sokoni, na yakamfunga mikono yote miwili. Wateja wanasubiri. Wewe ungekuwa yeye, ungetangaza nini?