Matusi ya Mzee Wesley

Watu husema studio ya michezo ya simu lazima ianze na wazo kubwa. Uongo mtupu. Ile ya Nasambu ilianza na wizi wa miwa, na nusura ife kwa sababu ya matusi ya babake.

Aliyekulia Butali hahitaji kuelezwa. Trekta inatoka shambani na trela lake, inapanda kilima ikikohoa, na watoto wako nyuma wanavuta miwa kabla dereva hajageuza shingo. Utotoni Nasambu alikuwa bingwa. Alivuta hata kwenye trekta ya babake mwenyewe, Mzee Wesley, akiwa ameficha uso asijulikane. Alipokuwa mkubwa akaacha ualimu, akakodi chumba nyuma ya poshomili pamoja na rafiki yake Clifford, wakautengeneza mchezo uleule: unakimbia nyuma ya trekta, unavuta muwa, dereva anakutukana. Basi. Mashine ikianza kusaga mahindi ukuta ulitetemeka, na Clifford alitoka humo na unga mpaka kwenye kope.

Sauti ya dereva nayo aliiiba. Alisimama kwenye kona na simu, akamrekodi babake akiwa kazini. Na mzee alikuwa na mdomo, jamani! Huyu mzee wa kanisa, anayeombea chakula mpaka obusuma, ugali wetu, inapoa, akishika usukani anageuka mtu mwingine kabisa. "Wee, meno ya panya! Hiyo miwa ilipandwa na nyanya yako?" Vijana waliupenda mchezo kwa ajili ya matusi hayo tu. Watu wa bodaboda waliucheza stejini mpaka wakasahau abiria.

Halafu Jumapili moja, katikati ya maombi ya toba, simu ya kijana wa kwaya ikalipuka: "Wee, meno ya panya!" Pasta akafumbua macho. Kanisa zima likamgeukia Mzee Wesley, ambaye maskini alikuwa amefunga mdomo wake.

Nyumbani hakupiga kelele, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

"Nasambu, umenivua nguo mbele ya watu wa Mungu. Toa sauti yangu humo."

Akaitoa. Clifford akaweka yake. Lo! Clifford alitukana kama mtu anayetangaza hali ya hewa. Wachezaji wakautupa mchezo. Hata Clifford mwenyewe aliacha kuucheza. Studio ilikuwa inakata roho, na Nasambu alijua dawa iko mdomoni mwa mtu mmoja tu, ambaye siku hizi alisalimia ng'ombe kabla ya kumsalimia yeye.

Akamfuata zizini. "Baba, nisamehe. Mara ya kwanza niliiba. Sasa nimekuja kuomba."

Mzee aliendelea kukamua. "Hao watoto wa kwenye simu, huwa hawaanguki?"

"Wakianguka wanaanza tena, baba."

"Aa. Hapo sawa." Akafikiri. "Lakini yale ya meno ya panya usirudishe. Hayo pasta ameshayajua. Nitakupa mengine."

Akaja chumbani na koti la kanisa. Akaketi, akasafisha koo, akasema: "Tafadhali watoto, wekeni miwa chini." Clifford ilibidi atoke nje kucheka.

"Siwezi kutukana kiti," mzee akalalamika. "Mimi humtukana mtu anayeniibia."

Basi ikawa hivyo. Mtu mzima, mwalimu wa watu, akapandisha sketi na kukimbia nyuma ya trela mchana kweupe, huku Clifford ameshikilia simu kando ya dereva. Nasambu alipovuta muwa wa kwanza tu, mzee akawaka: "Wee mwizi mwenye digrii! Ulisomeshwa ili uchague muwa mrefu? Kimbia, visigino vimepasuka kama shamba la Januari!" Wanawake waliotoka sokoni walipiga vigelegele. Raha iliyoje!

Waliporudi chumbani kusikiliza, Nasambu akagundua jambo. Kila aliposogelea trela, mngurumo wa trekta ulishuka.

"Baba, mbona unapunguza mwendo? Si unawarahisishia wezi?"

"Ni mguu tu, umezoea." Mzee akatazama pembeni. "Kulikuwa na msichana fulani, alikuwa anajifunga leso usoni. Nilikuwa namwona kwa kioo. Angeteleza chini ya gurudumu, ningemwambia nini mamake?"

"Kumbe ulikuwa unajua ni mimi?"

"Hiyo leso niliinunua mimi."

Bingwa wa Butali alikaa juu ya gunia la pumba akalia, tena kilio cha matanga, mpaka mwenye poshomili akazima mashine aulize nani amefariki.

Mchezo ulifufuka, na Nasambu akaiweka trekta ya mchezoni ifuate mngurumo uleule waliorekodi. Sasa unachezwa hadi Mautuma, ila wachezaji wana lalamiko moja: wanasema una kasoro, trekta inapunguza mwendo kila mtoto anapokaribia gurudumu. Clifford anataka kuirekebisha. Nasambu amemwambia aguse chochote anachotaka, lakini huo mguu auache.