Ukuta wa Chumba cha Kujaribia Nguo

Shangazi yangu ni mshonaji, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini, na miaka yote hiyo wateja wamekosana na nguo zake mahali pamoja: mbele ya kioo cha chumba cha kujaribia. Nje kwenye cherehani gauni linasifiwa. Likiingia chumbani tu, "Mbona limeninyausha hivi?"

Mshono hauna kosa. Kosa ni ukuta. Ulikuwa wa kijani kibichi, na ukisimama mbele yake unafanana na mtu aliyetoka kulazwa. Shangazi aligundua hilo siku mwalimu wa kwaya alipokataa sare ya mfano. Sare thelathini zilikuwa zinangoja neno lake, na mshonaji wa ng'ambo ya barabara naye alikuwa ameshachungulia.

"Nitarudi Ijumaa," mwalimu alisema. "Mara ya mwisho."

Shangazi akaita fundi rangi. Fundi akapaka nusu ya ukuta kijivu cha moshi, nusu rangi ya udongo mkavu.

"Chagua, mama."

"Ngoja zikauke. Rangi mbichi ni kama mchumba, haijaonyesha tabia."

Zikakauka. Siku tatu ukuta ukajadiliwa kama binti anayeozwa. Fundi akasema kijivu ndicho wanachotaka watu waliosoma. Mume wa shangazi akainamisha kichwa, akatazama weee, kisha akasema, "Mimi naipenda ile ya katikati."

Ijumaa ikafika, uamuzi bado. Mwalimu akaingia, akavaa sare ileile, akasimama upande wa kijivu.

"Dada, hii ni ya kuimbia au ya kuzikia?"

Shangazi akaichukua, akaketi kwenye cherehani, akakanyaga bila uzi. Trrr, trrr. Akairudisha, na safari hii akamsimamisha upande wa udongo.

Mwalimu akajitazama. Akageuka ubavu. Akatabasamu.

"Umeona sasa? Si nilikwambia ina kasoro?"

"Uliniambia, mwalimu wangu. Una jicho."

Thelathini zikaagizwa palepale.

"Basi nimalizie kwa udongo?" fundi akauliza.

"Thubutu! Acha hivyo hivyo."

Tangu hapo kila mteja huanzia kwenye kijivu, hunung'unika, husikia trrr, kisha huhamishiwa kwenye udongo, akaondoka akisifu mkono wa shangazi. Mmoja tu ametushinda. Amegoma kutoka kwenye kijivu. Anasema kinampunguza kiuno.