Mama Mashuka na Mtihani wa Hesabu

Hospitalini walimwita Mama Mashuka, kwa kuwa miaka kumi na minane kazi yake ilikuwa kufua na kukunja mashuka ya wagonjwa. Alitaka kusomea uuguzi. Masomo mengine yote yanayotakiwa chuoni alikuwa ameshafaulu, ila hesabu ilimgomea. Alishaifanya mara mbili, akafeli mara mbili, na mara ya pili alikosa alama tatu tu.

"Heri ningepata sifuri," alimwambia mwenzake wa chumba cha kufulia. "Ningejua moja."

Hata hivyo alijiandikisha tena. Kila alasiri alirudi akiwa hoi, akatumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, na bintiye wa kidato cha pili akakaa mkabala naye na daftari. Siku hiyo swali lilikuwa hili: umri wa mama ni mara tatu ya umri wa mwanawe, baada ya miaka kumi na miwili utakuwa mara mbili. Mtoto ana miaka mingapi?

"Mtoto tunamwita x," binti alisema.

"Hana jina?"

"Mama, jamani."

"Haya. Yeye x, mamake 3x." Akaandika taratibu: 3x + 12 = 2(x + 12). Alipofungua mabano akapata 2x + 12.

"Ile mbili inazidisha vyote viwili. Jana pia ulikisahau cha mwisho."

"Jana nilikunja mashuka mia mbili na arobaini, mwanangu. Humu kichwani mmejaa pamba."

Akafuta, akaandika 2x + 24, na mwishowe x ikawa kumi na mbili. Hakufurahi. Alishusha pumzi tu.

Binti akaenda bombani kuchota maji. Mama akitafuta kifutio kwenye mkoba wa binti, akakuta karatasi ya jaribio lake la shuleni iliyokunjwa mara nne: kumi na tisa kwa mia. Mabano yote yalikuwa yamefunguliwa vibaya, kama ya mama mwenyewe.

Binti aliporudi aliiona karatasi mezani, akatua ndoo.

"Kumbe nani anamfundisha nani?" mama aliuliza. Hakuwa na nguvu za kugomba.

"Kila mapumziko namfuata mwalimu, namwambia mama yangu kakwama. Nikiuliza swali la kwangu wenzangu wananicheka. Nikiuliza la kwako hawacheki."

Mama akamvutia binti kiti.

"Kesho mwambie nimekwama kwenye pembe za pembetatu," alisema. "Mwambie nimekwama sana."

Wakaendelea hivyo miezi minne. Kuna siku mama alisinzia kalamu mkononi, na kuna siku waligombana kwa ajili ya robo tatu na theluthi mbili. Kwenye mtihani swali la umbo la trapeza mama aliliacha wazi, maana aliliangalia mpaka mistari ikaanza kucheza.

Alifaulu kwa alama ya chini kabisa inayokubalika. Binti naye akapata arobaini na tatu kwa mia shuleni, na karatasi hakuificha.

Jumatatu mama alichukua fomu ya chuo. Kwenye nafasi ya umri akaandika arobaini na moja, akajumlisha miaka mitatu ya masomo, akakaa akiitazama ile jumla. Halafu akatia saini, akarudi kazini.