Udhaifu Niliokariri

Nilitoka Kikuyu kwa sababu mkataba wangu wa kufundisha darasa la pili ulikuwa umekwisha, na shirika moja la elimu huko jijini, mtaa wa Hurlingham, lilikuwa limeniita kwa mahojiano. Miaka minne nilifundisha bila cheti cha ualimu. Bahati kama hiyo haibishi hodi mara mbili. Nikatia karatasi zangu kwenye bahasha, nikapanda treni ya asubuhi.

Saa tatu nilikuwa jijini. Kutoka stesheni nilikwenda kwa miguu hadi mtaa wa Parklands, kwa dada yangu Njeri, karani wa hospitali. Viatu vya mahojiano nilivibeba kwenye mfuko wa nailoni, nisivichafue.

Jioni tulifanya mazoezi. Njeri alikaa kwenye kiti cha plastiki, akakunja uso kama meneja.

"Udhaifu wako ni upi?"

"Huwa nachelewa kugundua..."

"Wewe! Nani amekuambia useme ukweli? Sema unapenda kazi sana, hata unasahau kula."

Tulicheka mpaka machozi. Lakini sentensi hiyo niliimeza, pamoja na nyingine kumi, neno kwa neno.

Kesho yake, saa nne, Hurlingham. Nilibadilisha viatu nje ya lango. Ndani kulikuwa na watu watatu, na kiongozi wao alikuwa mama mwenye mvi. Mambo yalikwenda vizuri hadi akauliza udhaifu wangu. Nikamtolea ile ya kusahau kula.

"Huo tumeusikia mara nne tangu asubuhi," akasema. "Huna mwingine?"

Aibu iliyoje! Nikajikaza kisabuni, nikamweleza habari za Wambui, mwanafunzi wangu. Alikuwa akisimama darasani anasoma ukurasa mzima bila kukwama, nami nampigia makofi. Siku moja, mwisho wa muhula wa tatu, nilipita nyuma yake nikakuta kitabu amekishika juu chini. Hakujua herufi hata moja. Alikuwa amekariri sauti za wenzake.

"Mwaka mzima sikuona, madam."

"Na sasa anajua kusoma?"

"Sijui. Wiki iliyofuata mkataba wangu uliisha."

Aliandika kitu, akanishukuru. Basi.

Kwenye treni ya kurudi nilimlaani Njeri kimoyomoyo, halafu nikacheka peke yangu. Mimi na Wambui tulikuwa darasa moja.

Kufika Kikuyu, sikwenda nyumbani. Nilipitia kwa akina Wambui. Mama yake alikuwa anakama ng'ombe.

"Karibu, mwalimu. Kwani amefanya nini?"

"Hajafanya kitu, Mama Wambui. Ni mimi."

Akamwita Wambui, nasi tukafungua kitabu katikati. Wambui akasimama wima, akanisomea ukurasa wa kwanza. Moyo uliniuma. Tukaanza upya, a, e, i, na kila jioni nikarudi.

Barua ilikuja mwezi uliofuata: wamenichukua. Nilimpa Wambui bahasha ya barua hiyo anisomee jina langu. Alikwama, akarudi mwanzo, akakwama tena kwenye "tho". Nikamngoja. Safari ile ya mahojiano ilinifunza kwamba anayesoma kweli hukwama.

"Mu... tho... Muthoni," akasema. "Mwalimu, ni wewe!"